Deni la Shule Wakati wa Janga

Makala haya yanakusudia kulichungua swali moja lililozuka miongoni mwetu sisi walimu mwaka 2020, na ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha. Swali lenyewe ni hili: shule inapofunga milango yake kwa sababu ya maradhi, je, deni lake kwa mwanafunzi hufungwa pamoja na milango hiyo? Au lipo deni linalobaki nje ya ukuta. Na kama lipo, ni la nani, na ni la kiasi gani? Tutalitazama swali hili kwa kuziangalia shule za Kanisa Katoliki nchini Rwanda, kwa jicho la mtu aliyesimama Kimihurura, jijini Kigali. Hatusemi kwamba shule hizo ni njema au mbaya kuliko nyingine. Tumezichagua kwa kuwa wenye shule hizo wamejitwika kwa hiari yao neno zito kuliko la mwenye shule wa kawaida: husema kwamba wao ni walezi, si wafanyabiashara. Na mtu aliyejiita mlezi hana budi kupimwa kwa kipimo cha mlezi.

Kwanza tuseme machache kuhusu mahali penyewe. Kimihurura ni kata, au umurenge kama wanavyosema wenyeji, katika Wilaya ya Gasabo. Kilima chake kimebeba Bunge la Rwanda, ofisi za Serikali na lile Jumba la Mikutano la Kigali lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo kuba lake huonekana usiku kutoka vilima vya mbali. Lakini ukiteremka hatua chache upande wa Rugando au Kamukina, utakuta pia nyumba ndogo za watu wa kipato kidogo, zilizosongamana mtelemkoni. Kwa msomaji wa jarida hili mahali hapa pana maana nyingine tena: ndani ya jengo hilo la Bunge, mwezi Februari 2017, wabunge waliipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Sasa tuje kwenye tukio. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Siku hiyohiyo ilitolewa amri ya kufunga shule na nyumba za ibada, na juma moja baadaye watu wote wakaamriwa kukaa majumbani mwao. Wanafunzi wa madarasa ya juu walianza kurudi tarehe 2 Novemba 2020. Watoto wadogo wa shule za awali na wa madarasa matatu ya mwanzo walipangiwa kurudi tarehe 18 Januari 2021. Lakini siku moja kabla, kwa kuwa maradhi yalikuwa yamepamba moto tena, shule zote za jiji la Kigali zilifungwa upya hadi mwezi Februari. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza wa Kimihurura alikaa nje ya darasa muda wa miezi kumi na mmoja hivi. Jirani zetu nao walikuwa na hesabu zao. Tanzania ilifunga shule katikati ya Machi 2020, na kufikia tarehe 29 Juni madarasa yote yalikuwa yamerudi. Kenya iliwarudisha wanafunzi wake wengi Januari 2021. Uganda haikufungua madarasa yote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Burundi haikufunga shule zake.

Tumezitaja tarehe hizi ili jambo moja lieleweke tangu mwanzo: urefu wa kufungwa haukuchaguliwa na mwalimu mkuu wala na askofu. Uliamuliwa na Serikali kwa kuyatazama maradhi. Shule haiwezi kulaumiwa kwa kufunga mlango ilioamriwa kuufunga. Inaweza kuulizwa tu juu ya yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wake baada ya mlango kufungwa, na hapo ndipo hoja yetu inapoanzia.

Yapo majibu matatu ambayo watu huyatoa. Jibu la kwanza ni la mkataba. Wanaolishika husema kwamba mzazi alilipa ada ili mtoto afundishwe. Mafundisho yamesimama, basi na ada isimame, na hakuna anayemdai mwenzake. Jibu hili si la kudharauliwa, maana lina unyoofu wake: halimruhusu mwenye shule kutoza fedha kwa kazi ambayo haikufanyika. Lakini tuangalie lilivyowaangukia walimu. Nchini Rwanda shule nyingi za Kanisa ni za makubaliano: majengo ni ya Kanisa, na mishahara ya walimu hutoka Serikalini. Walimu wa shule hizo waliendelea kulipwa. Lakini zipo pia shule za binafsi zinazotegemea ada peke yake, za Kanisa na zisizo za Kanisa, na katika shule nyingi za namna hiyo mikataba ya walimu ilisimamishwa. Walimu wawili wa somo moja, pengine majirani wa ukuta mmoja, mmoja aliendelea kula na mwingine akaanza kutafuta kibarua. Hapo mantiki ya mkataba ilifika mwisho wake. Ilikuwa imewaeleza watu lini wasilipane, lakini haikuwa na neno lolote kuhusu mtoto aliyebaki kati yao.

Jibu la pili ni la sadaka. Wanaolishika husema kwamba Kanisa ni mama; kwa hiyo litamsaidia mwanafunzi, si kwa sababu linadaiwa, bali kwa sababu linahurumia. Jibu hili ni zuri kwa moyo, na tena ni jepesi wa miguu: huruma haingoji kikao. Hata hivyo lina udhaifu wa aina mbili. Udhaifu wa kwanza ni kwamba sadaka humtegemea mtoaji. Makanisa nayo yalifungwa kuanzia Machi hadi katikati ya Julai 2020, na kikapu cha sadaka kisichopita kati ya waumini hakijai. Mama mwenyewe alikuwa amepungukiwa. Msaada uliojengwa juu ya ziada ya mtoaji hukauka wakati uleule ambao wahitaji wanaongezeka. Udhaifu wa pili unahusu heshima ya anayepewa. Anayesubiri sadaka hana budi kuonyesha uhitaji wake. Asiyejua kuomba, au anayeona haya kuomba, hupitwa. Na katika kila darasa mwanafunzi anayeona haya ndiye mara nyingi aliye na shida kubwa zaidi.

Jibu la tatu ni la haki. Wanaolishika husema kwamba siku mtoto alipoandikishwa, shule ilimpokea yeye mzima, wala si kwa saa za masomo tu. Na fungamano hilo halikatwi na maradhi. Sisi tunaegemea upande huu. Lakini jibu hili nalo lina shida ambayo lazima tuikabili bila kuzungukazunguka: mtu hawajibiki kwa asichokiweza. Ukisema kwamba kila mwanafunzi alikuwa na haki ya kupewa redio, chakula, vitabu na mwalimu wa kumtembelea, utaulizwa: kutoka mfuko upi? Haki isiyo na mtu wa kuitimiza ni maneno matupu. Kwa hiyo tukitaka jibu la haki lisimame, yatupasa kutafuta ni kitu gani shule ilikuwa nacho hata pale iliposemekana haina kitu.

Ili kukitafuta kitu hicho, tuchukue mfano wa kufikirika. Watoto wawili wa Kimihurura wanakaa dawati moja. Wa kwanza anaishi katika nyumba yenye televisheni, kompyuta na intaneti, na wazazi wake wote wawili wanafanyia kazi nyumbani. Wa pili anaishi chini mtelemkoni katika chumba kimoja pamoja na wadogo zake watatu, na mama yake aliyekuwa akiuza mboga sasa hana pa kuuzia. Bodi ya elimu ya msingi ya Rwanda ilitayarisha masomo ya redio, ya televisheni na ya intaneti. Na kazi hiyo ilistahili sifa, kwa kuwa ilifanyika kwa haraka na kwa nchi nzima. Masomo yale yaliwaendea watoto hawa wawili kwa sauti ileile na saa ileile. Je, walipewa sawa? Kwa hesabu ya mtoaji, ndiyo. Kwa hesabu ya mpokeaji, hapana. Redio huongea na wote, wala haijui nani amezima, nani ameuza betri, nani analea mdogo wake mgongoni wakati somo la hisabati linapopita. Redio haimjui mtu kwa jina.

Hapa ndipo tunapokipata tulichokuwa tukikitafuta. Shule inaweza kukosa fedha, kukosa majengo, hata kukosa ruhusa ya kukutana. Lakini kuna mali moja ambayo amri ya kufunga haikuinyang'anya. Mali hiyo ni daftari la mahudhurio. Shule iliyajua majina. Ilijua nani alikuwa akija bila kunywa uji, nani hulala kwa shangazi, nani alikuwa ameanza kusoma kwa kusitasita na akiachwa mwezi mmoja atarudi nyuma. Serikali inajua idadi ya wanafunzi, na parokia inajua familia za waumini wake. Mwalimu wa darasa ndiye anayemjua mtoto huyu kama mwanafunzi. Basi na tuseme hivi: deni la kwanza la shule wakati wa janga, ambalo hakuna umaskini unaoweza kulifuta, ni kutolipoteza jina la mtoto hata mmoja.

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni jambo dogo. Tunamwomba aukumbuke mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia, ulio katika Injili ya Luka, ambao umehubiriwa mara nyingi sana katika shule hizi. Wahubiri wengi huanzia pale mchungaji anapokwenda kumtafuta yule mmoja aliyepotea. Lakini kabla ya kwenda alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alihesabu. Bila hesabu ya jioni asingekuwa na huruma yoyote ya kuonyesha, maana asingejua kwamba kuna anayehurumiwa. Mafundisho ya mfano ule yamejengwa juu ya kazi ya kawaida kabisa, ambayo kila mwalimu huifanya asubuhi: kuita majina na kusikiliza nani haitikii.

Deni hili likikubaliwa, mengine hufuata kwa mpango. Ukilishika jina, utagundua hitaji. Ukigundua hitaji, utajua ni nani wa kupelekewa habari. Mafundisho ya jamii ya Kanisa lenyewe yana kanuni inayofaa hapa, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931: kwamba jambo linaloweza kufanywa na kikundi kidogo kilicho karibu na watu lisinyakuliwe na chombo kikubwa kilicho mbali, na kwamba chombo kikubwa kina wajibu wa kukisaidia kile kidogo. Rwanda ina vikundi vidogo vya namna mbili. Kwa upande wa utawala kuna umudugudu, na ndani yake isibo, yaani kundi la nyumba chache zinazopakana. Kwa upande wa Kanisa kuna umuryangoremezo, yaani jumuiya ndogo ya waumini majirani. Mwishoni mwa Machi 2020 Serikali ilipoanza kugawa chakula nyumba kwa nyumba jijini Kigali, ni viongozi wa ngazi hizi za chini waliojua mlango upi ubishwe. Shule haikuhitaji kuanzisha jeshi jipya. Ilihitaji kuyafikisha majina iliyokuwa nayo kwa watu walioweza kufika.

Lipo na jambo lisilopimwa kwa mkate wala daftari. Tarehe 7 Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa, Wanyarwanda walianza kuadhimisha mwaka wa 26 wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa kawaida siku hizo watu hukaa pamoja, kwa kuwa huzuni ya namna ile haibebeki na mtu mmoja. Mwaka ule kila nyumba iliibeba yake. Wanafunzi walio wengi walikuwa wamezaliwa baada ya 1994, lakini walifungiwa chumba kimoja na wazazi waliokuwa na kumbukumbu hizo, bila rafiki, bila mwalimu, bila uwanja wa kukimbilia. Kanisa Katoliki lina sababu ya pekee ya kuijali hali hiyo. Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji, na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake. Taasisi iliyowahi kukiri kwamba kuna watu iliowaangusha katika saa mbaya haiwezi kuliona kuwa jambo dogo kumpigia simu mtoto mmoja na kumwuliza: umelalaje? Toba ya taasisi huonekana katika matendo ya namna hiyo, madogo na ya kila siku, kuliko katika matamko.

Pingamizi moja kubwa limebaki, nalo hutolewa na walimu wenyewe. Husema: mnatutaka tuwatafute watoto, lakini nani anatutafuta sisi? Pingamizi hili ni la haki. Mwalimu aliyesimamishiwa mshahara, ambaye watoto wake mwenyewe wanalia, hawezi kuamriwa awe mchungaji wa watoto wa wengine kwa mkopo wa moyo wake. Kwa hiyo deni tulilolitaja si la mwalimu kwanza. Ni la bodi ya shule na la wenye shule, na mwalimu huingia humo kama mkono unavyoingia kazini ukiwa na mwili unaoulisha. Bodi isiyoweka akiba ya kuwavusha walimu wake hata miezi miwili ya dhiki imekwisha kuchagua, siku za neema, watakaoachwa siku za taabu. Kufikiri juu ya janga wakati halipo ni sehemu ya maadili, wala si ya uhasibu peke yake.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wenzetu. Kimihurura, kama sehemu kubwa ya Rwanda, lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda. Mtoto anayejifunza Kiswahili shuleni, akifungiwa ndani, anaweza kusoma msamiati na kunakili ngeli; lakini akisema "Hujambo?" hakuna wa kumjibu "Sijambo." Lugha ni ya vinywa viwili. Tulipopoteza darasa tuliona waziwazi kile ambacho somo la historia au jiografia linaweza kukificha kwa muda: kwamba shule haikuwa ghala la maarifa ambalo redio ingeweza kulimwaga hewani, bali ilikuwa mahali pa kuitwa na kuitikia. Wanyarwanda husema, "Uburere buruta ubuvuke," yaani malezi hushinda kuzaliwa. Na mtu halelewi na sauti isiyojua kama anasikilizwa.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule haipaswi kumtenga mtoto na jamii yake. Janga lilitupa somo hilo kwa upande wa pili: jamii ilipofungwa, shule zilizokuwa zimejitenga nayo hazikujua pa kuanzia, na zile zilizokuwa na njia ya miguu kwenda nyumbani kwa wanafunzi wao zilikuwa na pa kupita.

Mtu asidhani kwamba habari hizi zimepita. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, watu 66 walikuwa wameugua na 15 walikuwa wamefariki, wengi wa wagonjwa hao wakiwa watumishi wa afya. Safari ile shule hazikufungwa, lakini wazazi walizuiwa kwa muda kuwatembelea watoto wao mabwenini. Swali lilikuwa lilelile, ila limegeuzwa: mwanzo shule ilipaswa kuuvuka ukuta kwenda nyumbani, sasa ilipaswa kuwa nyumbani ndani ya ukuta.

Tunahitimisha kwa kupendekeza mambo machache, nayo hayahitaji mfadhili. Kila shule iwe na daftari la dharura, lenye jina la kila mwanafunzi, mahali anapolala, na mtu wa karibu anayeweza kufikiwa. Kila mwalimu apewe majina machache ya kuyaulizia kila juma, ili pasiwe na mtoto asiye na mwulizaji. Kila bodi iweke akiba ya walimu kabla ya kuweka akiba ya rangi za kuta. Na siku ya kurudi, shule ihesabu. Kisha wasiorudi waulizwe walipo, hasa wasichana waliopata mimba na wavulana waliozoea kupata fedha za kibarua, nao wafunguliwe mlango bila kuaibishwa.

Mwaka 2020 Serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa kujenga madarasa 22,505 ili kupunguza msongamano, na wananchi wengi walishiriki kwa mikono yao. Madarasa yalihesabika, na hesabu ile ilikuwa njema. Inabaki kila mwalimu mahali alipo, Kimihurura na kwingineko, afungue daftari lake la mwaka ule, apitishe kidole juu ya majina, na ajiulize kama anajua kila mmoja yuko wapi leo.